Itoe Kwenye Kopo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha vumbi la mbao kimekupa nafasi ya kupumua. Mimi naamka, nalala, namshukuru Mungu. Mama anakusalimu. Nikisema hajambo nitakuwa nimekudanganya, na nikianza kukueleza hali yake hapa juu, utaruka yote ninayotaka uyasome kwanza. Kwa hiyo nivumilie, nitafika.

Najua utajiuliza nani siku hizi anaandika barua. Ni wewe uliyenirudisha kwenye kalamu. Umeifunga namba yangu. Nikipiga, simu inakatika kabla haijaita. Kwenye kundi la familia umenitoa. Barua nitampa yule dereva anayekuletea mbao, akukabidhi mkononi. Dawa ya wifi niliyompa juzi aliipokea kwa ncha za vidole, akaisukuma chini ya kiti, mbali na chakula chake. Ndivyo ninavyopokewa mitaani.

Maneno yako nimeyasikia. Mjomba alinipigia akanisomea ulichoandika, polepole kama karani wa mahakama, na kila alipofika kwenye tusi akakohoa, hivyo mengine yamenipita. Niliyoyapata yanatosha. Umesema mwezi huu usiishe nikiwa bado nakwenda kujifunza kazi kwenye kinu cha nyuklia. Nikikaidi, nisikanyage tena kwa Mama, na akifa nisije kumzika. Umesema ulikuwa na wadogo wawili, mmoja yuko kaburini, na wa pili anakula sahani moja na waliomwua wa kwanza. Mjomba alipomaliza akaniuliza kama nimesikia vizuri au arudie. Nikamwambia nimesikia. Akasema yeye ni mjumbe, na mjumbe hauawi, akakata simu.

Kaka, nimekukasirikia. Sina mazoezi ya kukasirika, wewe mwenyewe unajua. Nilikuwa nikipigwa na watoto wa jirani narudi nyumbani kuwaonea huruma. Lakini safari hii nimekasirika hadi nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nakuandikia nikiwa bado hivyo, ila nitajaribu kusema kila jambo kama lilivyokuwa.

Acha nianzie kwenye mazishi ya Mizani, maana ugomvi huu ulizaliwa pale.

Daktari alituita sote watatu ukumbini, wewe, mimi na Mama. Alisema ini limeliwa na virusi vya homa ya ini, ugonjwa wa siku nyingi, pengine tangu utotoni, na kwamba kazi ya Mizani kwenye kinu haihusiki. Mama alitikisa kichwa kukubali. Wewe ulitazama koti lake jeupe, na tulipofika nje ukasema daktari naye ni wa kwao, wote wanakula chungu kimoja. Ulikuwa umeshaona macho ya ndugu yetu yalivyogeuka manjano, tumbo lilivyovimba, mikono ilivyobaki mifupa, na ulikuwa umeshaamua. Sikukulaumu siku ile. Mtu akifiwa hutafuta pa kushika, na wewe ulishika hasira.

Kisha ukatengeneza jeneza. Wewe ndiye seremala wetu, nani mwingine angelitengeneza. Ulilifanya la mbao mbili mbili, ukapigilia bati ndani pande zote, na misumari ukaipanga karibu karibu kama meno ya chanuo. Ulivaa glavu za mpira mpaka viwikoni. Uliwaambia watu wa kubeba wasilikumbatie, walishike kwa mbali kwa kamba. Mama alipoomba aone uso wa mwanawe, ulimzuia mlangoni. Alipoomba basi amguse hata mguu, ulimwambia hutaki kuzika wawili. Watu walisimama ng'ambo ya barabara kana kwamba tunazika bomu. Nakumbuka fundi cherehani wa pale kona, mtu aliyekuwa akimwazima Mizani baiskeli, alitupa udongo wake kutoka mbali ukaishia kwenye viatu vyangu.

Siku iliyofuata ukachoma vitu vyake uani. Godoro, mashati, viatu, mto, kikombe chake cha bati ambacho hakikuungua, ukakizika. Na ile sweta ya kijani aliyofumiwa na Mama. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni akasema kwa sauti ndogo umwachie sweta tu, ataifua. Ulisema haifuliki. Alirudi ndani. Kumbuka jambo hilo, Kaka, kwamba hukumwachia Mama hata uzi. Nitalirudia.

Unaniuliza, kupitia Mjomba, ni shetani gani aliyenipeleka kule. Hakuna shetani. Ni Mizani, na ni karanga.

Unamkumbuka Mizani alivyokuwa. Baba alimpa jina hilo kwa sababu hakugawa kitu bila kukipima. Hata sabuni alikuwa akiikata kwa uzi ili asionewe mtu. Alipoanza kazi kwenye kinu alinikalisha mezani na sahani ya karanga akasema ananifundisha jinsi mionzi inavyokwisha. Alikula nusu ya karanga, akasubiri. Akala nusu ya zilizobaki, akasubiri. Akasema hivyo ndivyo inavyokwenda, kila baada ya muda uleule inaondoka nusu, na kila kitu kina muda wake. Tulikuwa tumebakiza chache sana, nami nimeinama kuona itakuwaje nusu ya karanga moja, ndipo wewe ukaingia kutoka karakana, ukazikusanya zote kwa kiganja, ukatia mdomoni, ukasema haya, nyuklia imekwisha, nipeni maji. Mizani alicheka mpaka akashika ukuta. Siku ile nilijua nataka kazi ile. Nilikuwa nimeshapeleka maombi kabla hajaanza kuumwa. Majibu yalikuja tukiwa kwenye msiba, na niliyaweka chini ya mto nikaona aibu kufurahi.

Watu wanadhani kule tunachezea moto. Kazi yenyewe, Kaka, ni usafi zaidi kuliko kitu kingine. Kuna mstari wa njano sakafuni. Huuvuki bila kuvaa soksi za plastiki juu ya viatu, na ukirudi unazivua mguu mmoja mmoja, mguu uliovuliwa unatua upande safi, usichanganye. Ukichanganya unarudia. Tunafuta meza na sakafu kwa vikaratasi vidogo, kisha tunavipima vikaratasi kuona kama vimeokota kitu. Ukitoka unasimama kwenye mashine, unaingiza mikono, unatulia, na haikufungulii mpaka iridhike na viganja na nyayo zako. Anayetufundisha ni msimamizi wa zamu, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba. Sisi wanafunzi tunamwita Mama Mstari, na anajua. Siku moja alikuja mheshimiwa fulani na msafara wake, akataka kuvuka na viatu vyake vya kung'aa. Mama Mstari alimshika mkono wa koti akamwambia mionzi haijui cheo, avae soksi kama wenzake. Mheshimiwa alizivaa, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mama Mstari alifanya kazi na Mizani tangu siku yake ya kwanza. Kwenye mazishi ndiye peke yake aliyelishika jeneza kwa viganja vitupu, na wewe ulimfokea.

Nje ya geti ni vita. Mwenye nyumba wangu ameninunulia kamba yangu ya kuanikia nguo, upande wa choo, akasema si kwa ubaya, ni wapangaji wenzangu wanaogopa. Mama wa saluni aliniambia vitana vyake ni vya watu wote. Bombani wanawake wakiniona wananipisha, si kwa heshima. Mmoja anapenda kusema kwa sauti kwamba mwacheni Bibi Mionzi achote, huyo hahitaji taa, umeme ukikatika anajimulika. Mwingine husema siku nikizaa nitazaa balbu, na mwenzake hujibu kwamba heri balbu inazimwa, tatizo ni baba wa balbu atapatikana wapi. Wanacheka. Siku nyingine na mimi nacheka, maana ile ya balbu ni nzuri, ukweli usemwe. Kisha nafika chumbani nakaa kitandani na ndoo yangu imejaa, nakumbuka kwamba Mizani alipita bomba hilohilo miaka yote na hakuwahi kutuambia wanamwitaje.

Sasa nakuja kwenye beji, ambayo ndiyo umeifanya kuwa silaha yako.

Kila fundi wa kinu anavaa kifuani beji ndogo ya plastiki. Haizuii mionzi, inaikusanya tu, na baada ya muda inapelekwa kusomwa ili ijulikane mwenyewe amepigwa na kiasi gani. Ikisomwa hupashwa moto, na kile ilichokusanya kinafutika. Sheria ni kwamba beji hailali nyumbani. Jioni inatundikwa ukutani kwenye msumari wake. Mizani siku ya mwisho alizidiwa kazini, akapelekwa nyumbani na beji ikiwa kwenye shati. Kule kazini waliiulizia baadaye, sisi tukasema haipo, huenda imeungua na nguo. Kumbe ilikuwapo.

Ulipokuja mwaka huu kututembelea, Mama alifungua pochi yake kutafuta dawa ya kichwa, beji ikaanguka sakafuni. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli karibu na mlango, niliona yote. Uliruka kama umeona nyoka. Ulimuuliza Mama tangu lini analala na sumu, ukavua kofia yako ukaiokotea. Mama alikukamata kifundo cha mkono. Alisema umwachie mwanawe. Ulidhani anamlilia marehemu, ukamwambia ndiyo maana unaichukua, kwa ajili ya mwanawe, ili waliomwua walipe. Alikung'ang'ania mpaka kucha zikaacha alama. Kisha akaachia, akakaa, akavuta kitambaa cha kichwa kikamfunika macho. Mimi nilifikiri ni uchungu wa kawaida. Sikujua ninachokitazama.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulikwenda kule na wakili, ukadai isomwe mbele yako. Ikasomwa. Ikakutwa imejaa, kiasi ambacho fundi haruhusiwi kukipata hata kwa miaka. Beji zake zote za nyuma zilikuwa safi, za wenzake wa zamu ileile zilikuwa safi, lakini wewe ulisema hizo zimepikwa, hii moja imewaponyoka. Hata mimi, Kaka, shaka iliniingia. Nilipita kwenye ile mashine ya mikono na miguu nikiiangalia kama mtu anayemshuku mumewe. Nilijiuliza kama Mizani alifanya kosa akalificha, au kama walimficha. Kamati ya uchunguzi ikaundwa. Mama Mstari akasimamishwa kazi, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Aliondoka akiwa na mfuko wa nailoni wenye vikombe vyake, na alipofika kwenye mstari alivua soksi zake mguu mmoja mmoja, kwa utaratibu uleule, ingawa hakuna aliyekuwa akimkagua. Nilitamani anitukane.

Na beji tupu ukarudishiwa, ukaondoka nayo. Mjomba ameniambia umeifukia kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, nyuma ya karakana, na watoto wamekatazwa kupita hapo.

Sasa fika na mimi hospitalini. Kaa kama umesimama.

Kuna chumba kule cha kutibu saratani kwa mionzi. Mashine yake iliharibika, wagonjwa wakarudishwa majumbani katikati ya matibabu, na ilipotengenezwa ikabidi kuta zipimwe kabla ya kazi kuanza tena, kuhakikisha hakuna kinachovuja. Sisi wanafunzi tulipelekwa kujifunza. Mimi nilipewa ukuta wa upande wa ukumbi, mahali wagonjwa wanaposubiri. Natembea taratibu na kifaa changu mkononi, macho kwenye mshale, huku wagonjwa walioitwa kungoja mashine iwashwe tena wakikunja miguu kwenye mabenchi kunipisha. Nikasikia mtu ananiambia nisimkanyage, kwani macho nimeyaacha nyumbani? Nikainua uso. Alikuwa Mama.

Alikuwa na kile kitambaa chake cha zambarau na ile pochi ya zipu iliyokufa, aliyoifunga kwa kipande cha lastiki. Aliponitambua akaanza kwa kunigombeza: nimefuata nini huku, nani amenipa ruhusa, na mbona nimekonda. Kisha akanivuta mkono.

Kaka, Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Ndicho kilichonifanya nisikwambie kule juu kwamba hajambo. Zile siku alizotuambia yuko kwenye kikundi cha ushonaji, alikuwa pale kwenye benchi.

Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, kwa ruhusa ya mwalimu, naye akanisimulia huku akiwaangalia watu wengine. Alianza kutokwa damu Mizani akiwa tayari ameshaanguka. Hakutaka kumwambia mtu. Alimwambia Mizani tu, alisema, kwa sababu alikuwa kitandani na hangeweza kuyakimbia mazungumzo. Mizani, na yale macho yake ya manjano, alimuuliza maswali yote kama daktari, bila kuona haya. Akamwambia akapimwe, na wakimwambia mionzi akubali, asiogope, kwamba ni kitu kilekile anachokifanyia kazi yeye, kikipimwa vizuri kinaponya. Akamwapisha. Mama aliapa. Ndilo jambo la mwisho alilomwomba, na sisi tulikuwa chumba cha pili tunabishana kuhusu daktari.

Nilimuuliza kwa nini hakutwambia. Akasema mambo ya kizazi mama hamwambii mwanawe wa kiume, tena kifungua mimba; na mimi angeniambia ningeshindwa kunyamaza, jambo ambalo ni kweli. Lakini sababu kubwa, Kaka, ni wewe. Ulisema mbele ya kaburi, na watu wote wakasikia, kwamba yeyote wa nyumba hii atakayepelekwa tena kwenye mionzi utamtoa kwa mikono yako miwili. Mama alikuamini. Aliogopa utakuja kumtoa kitandani.

Basi akaenda peke yake. Siku ya kwanza, alisema, wanamlaza kwenye meza ngumu, wanamwambia aweke mikono kifuani na asitikisike, kisha wote wanatoka na mlango mzito unafungwa, anabaki na mashine. Alisikia mlango ukifungwa akakumbuka jeneza. Siku ya pili hakwenda mikono mitupu. Alikuwa na beji. Aliitoa kwenye shati la Mizani usiku ule alipofariki, kabla wewe hujaingia chumbani na glavu zako. Ndicho kitu pekee cha mwanawe alichobaki nacho. Aliishika ndani ya ngumi, akaweka ngumi kifuani, na mlango ulipofungwa, alisema, hakuwa peke yake. Akafanya hivyo kila alipokwenda, mpaka mashine ilipoharibika. Katikati ya mapumziko yale ndipo ulipokuja, na pochi ikafunguka.

Nadhani umeshaelewa. Mimi nilielewa nikiwa bado na kifaa mkononi, nikakiweka chini nisikiangushe. Mionzi ile inaelekezwa tumboni, lakini mingine hutawanyika pembeni, na beji kazi yake ni kukusanya. Ilikusanya. Ilichosomwa mbele ya wakili wako hakikuwa cha Mizani. Yeye alikuwa ameshazikwa. Ni matibabu ya Mama.

Nilimwambia. Nilidhani atafurahi kwamba mwanawe hakuuawa. Alifunika uso akasema kumbe ni yeye aliyemchafulia mwanawe jina, yeye na mkono wake. Nilichukua muda kumtuliza. Nilimweleza kwamba hakuna aliyemwambia beji inafanya nini, hata aliyemwomba mikono yake itulie hakuifungua ngumi kuangalia. Kama kuna wa kulaumiwa sitamtaja hapa, maana nimekuahidi kusema mambo kama yalivyokuwa tu. Lakini ungemwachia ile sweta, Kaka, angeingia na sweta.

Mama ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alisema mdomo wake hauwezi, mkono wangu uweze. Nimemsomea mpaka hapa, akaniambia nipunguze ukali mahali pawili, nimepunguza mahali pamoja tu.

Sasa sikia nitakachofanya. Jumatatu nakwenda mbele ya kamati nikaeleze, na Mama amekubali kadi yake ya matibabu ionekane. Mama Mstari arudi kwenye zamu yake. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza, usilisikie kwa wakili. Mafunzo siachi. Nitayamaliza, nitavaa beji yenye jina langu, nitaanikia nguo zangu upande wa choo mpaka mwenye nyumba achoke. Na kwa Mama nitakanyaga kila siku, kwa sababu baada ya matibabu anatapika na hawezi kusimama jikoni, na ukitaka kuja kunizuia mlangoni, njoo. Nitakupisha uingie ukamshikie beseni.

Bado hajamaliza. Amebakiza safari chache za kule. Jana nilimsindikiza mpaka pale mlango unapofungwa. Kupitia kioo cha televisheni yao nilimwona amelala, mikono kifuani, mkono mmoja umekunja ngumi vilevile, na ndani yake hamna kitu. Nilimpa leso yangu aishike, akasema ahsante mwanangu, akairudisha.

Kaka, siku ile ulipokula karanga zetu ulikuwa mtu wa kutuchekesha tu. Nakuomba urudi namna ile kama unaweza, na kama huwezi, njoo hivyohivyo na hasira yako, tutaipa kiti. Ila usije na wakili, na usije mikono mitupu. Nenda nyuma ya karakana. Itoe kwenye kopo, ipanguse mchanga. Haina kitu tena, ilishasomwa ikafutika. Hata ingekuwa nacho, ni cha Mama yako. Usiivalie glavu wala usiizungushie bati. Iweke kwenye kiganja, ufunge ngumi, uje nayo hivyo mpaka kwenye benchi la ukumbini, umwekee mwenyewe mkononi.

Nisalimie wifi, mwambie dawa ya kikohozi aliyoniomba nimeipata na nimemkabidhi dereva huyuhuyu. Wabusu watoto, na waruhusu wapite nyuma ya karakana. Mjomba nimeshamsalimu kwa simu. Amesema safari hii, akinisomea majibu yako, atakohoa kidogo. Mama anasema ule kabla hujaanza safari.

Nakutakia heri, na nakungoja nikiwa bado nimekukasirikia,

Mdogo wako, kitinda mimba wa Mama.